Jasho la mwamuzi: linalopoza ni lile linaloondoka

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, pale Katuba, Lubumbashi, nilikuwa nimebakiza dakika ishirini katika mechi ya mtaa. Jua lilikuwa kali, vumbi jekundu limetupanda hadi magotini, na fulana yangu imelowa kama imetolewa kwenye beseni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga kando ya mstari akapaza sauti: "Arbitre anachoka, bamutoshe!" Yaani mwamuzi amechoka, atolewe. Watu wakamuunga mkono. Kwao jasho lile lilikuwa ushahidi tosha. Dakika chache baadaye faulo ikatokea mbele yangu, nikapuliza firimbi, nikafuta macho kwa kiganja chenye chumvi, nikatoa kadi ya njano kwa namba 6. Aliyecheza vibaya alikuwa namba 16. Kijana wa watu aliniangalia bila kusema neno, akainua mikono.

Yule mama alikuwa sahihi kwamba sikuwa sawa, ila sababu aliyoitaja haikuwa yenyewe. Jasho lilikuwa likifanya kazi yake. Mimi ndiye niliyekuwa sijanywa chochote tangu chai ya asubuhi, kwa sababu nilifundishwa ujanani kwamba maji kabla ya kukimbia "yanajaza tumbo".

Tangu siku ile nimesikia mambo mengi kandokando ya viwanja vya Lubumbashi. Mwamuzi mwenye pumzi hatoki jasho. Mwenye kutoka jasho yuko salama. Maji baridi yanaua kifua. Kusimamisha mechi watu wanywe maji ni kupoteza muda. Mengine yana chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana hayafi. Tuyafungue moja moja, tukianzia chini kabisa.

Mtungi wa maji

Jasho ni maji yenye chumvi kidogo yanayotolewa na tezi ndogo sana zilizotapakaa chini ya ngozi. Mtu mmoja ana tezi hizo kati ya milioni mbili na milioni nne. Kazi yake kubwa ni moja: kulinda joto la ndani, yaani joto la damu, moyo na ubongo, lisipande mbali na nyuzi 37.

Joto hilo linatoka wapi? Wengi husema linatoka kwenye jua. Jua lina sehemu yake, lakini moto mkubwa uko ndani. Msuli unapofanya kazi, karibu sehemu nne kati ya tano za nguvu unayotumia zinageuka kuwa joto. Ile moja iliyobaki ndiyo inayokusogeza mbele. Mwamuzi wa kati katika mechi za ngazi ya juu hukimbia na kutembea kilomita 10 hadi 12, tena bila kubadilishwa. Huyo ni mbabula inayotembea, jiko ambalo makala yake, yaani makaa, yamewaka kwa dakika tisini.

Sasa fikiria mtungi wa udongo. Ujaze maji, uuweke kivulini penye upepo, urudi baada ya saa chache: maji yamepoa kuliko hewa inayouzunguka. Hakuna barafu wala umeme. Maji kidogo yamepenya kwenye vitundu vya udongo, yakafika nje, yakageuka mvuke, na mvuke ukaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Huo mtungi ukiupaka rangi ya mafuta nje, maji yake yatabaki vuguvugu siku nzima.

Ngozi yetu ni mtungi huo. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoka na joto la kilokalori 580 hivi. Kwa mama wa jikoni: ni joto linalotosha kuchukua sufuria yenye lita saba za maji ya bomba na kuyafikisha kwenye kuchemka. Ndiyo kazi ambayo mwili wa mwamuzi unaifanya kimyakimya huku watu wakimcheka kwamba amelowa.

Lakini tazama sharti lililomo: ikikauka juu ya ngozi. Tone linalodondoka kutoka kidevuni hadi kwenye vumbi limekupotezea maji na chumvi, na halikupoza chochote. Hapa ndipo mkanganyiko wote unapoanzia. Tunapima jasho kwa macho, kwa lile linaloonekana, ilhali lililotusaidia ni lile lililokwisha kuondoka.

Nguo kwenye kamba

Kila anayefua Lubumbashi anajua jambo hili kuliko daktari. Mwezi wa kumi, mvua zikiwa bado, unaanika shati na kabla hujamaliza beseni la pili limeshakauka. Mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea, suruali ile ile inalala kwenye kamba hadi kesho yake, ingawa mchana wa mwezi wa kumi ndio mkali zaidi, unaopita mara nyingi nyuzi 32. Kinachotofautisha ni unyevu, yaani mvuke ambao hewa tayari imeubeba. Hewa kavu ina nafasi ya kupokea mvuke mwingine. Hewa iliyoshiba inakataa.

Kwa mwamuzi, misimu hii miwili ni mitihani miwili tofauti. Katika hewa kavu ya mwezi wa kumi jasho linakauka haraka hata halionekani. Unamaliza kipindi cha kwanza ukijiona mkavu, ukadhani hujapoteza kitu, kumbe mstari mweupe wa chumvi kwenye ukosi na chini ya kwapa unakwambia habari nyingine. Upozaji unakwenda vizuri. Hatari ni maji kukuishia bila kujua. Katika unyevu wa mwezi wa kwanza unadondoka kila mahali, watu wanakuonea huruma, na hapo hatari ni nyingine: jasho liko tele lakini halikauki, kwa hiyo joto la ndani linapanda ijapokuwa kipimajoto cha ukutani kinasema nyuzi 27 tu.

Ndiyo sababu wanaoamua kama mechi isimamishwe hawatumii kipimajoto cha kawaida peke yake. Wanatumia kipimo kinachounganisha vipimajoto vitatu: kimoja kimefungwa kitambaa chenye maji na kuachwa kwenye upepo, cha pili kiko ndani ya tufe jeusi linalopigwa na jua, cha tatu ni kile cha kawaida cha kivulini. Cha kitambaa kinapewa uzito wa asilimia 70, cha tufe 20, cha kawaida 10. Kipimajoto cha kitambaa ni mtungi wetu uleule: kinaonyesha jinsi maji yanavyoweza kukauka siku hiyo. Asilimia 70 ya uamuzi iko pale.

Kwenye Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil, FIFA iliweka nyuzi 32 za kipimo hiki kuwa mahali pa kufikiria kusimamisha mchezo, na tarehe 29 Juni mjini Fortaleza, Uholanzi na Meksiko walisimama kupoa na kunywa maji. Mtu akisikia "nyuzi 32" anasema, kwetu hiyo ni kawaida kabisa! Hapana, ndugu. Nyuzi 32 za kipimajoto cha ukutani na nyuzi 32 za kipimo hiki ni vitu viwili visivyokaribiana. Siku kavu ya nyuzi 33 hapa kwetu inaweza kuwa chini kabisa ya kiwango hicho, hasa kivulini.

Jambo moja zaidi kabla ya kuondoka kwenye hewa: uwanja wenyewe. Nyasi bandia, kama zile za uwanja wa Mazembe pale Kamalondo, hupashwa na jua kuliko nyasi za kawaida, na zikipigwa sawasawa uso wake unaweza kupita nyuzi 60. Joto hilo linakupanda kutoka miguuni. Nyasi hai zinatoa maji, nazo zinatoka jasho kwa namna yake.

Limbe, dakika ya 85

Wengi wetu tunakumbuka tarehe 12 Januari 2022, Kombe la Afrika nchini Kamerun, Tunisia na Mali. Mwamuzi alikuwa Janny Sikazwe, Mzambia, jirani yetu wa ng'ambo ya Kasumbalesa, mtu aliyechezesha fainali ya Kombe la Afrika ya 2017. Mechi ilianza saa nane mchana mjini Limbe, pwani, chini ya Mlima Kamerun, mahali ambapo hewa inalowa kama kitambaa. Dakika ya 85 akapuliza firimbi ya mwisho. Akaonyeshwa kosa, mchezo ukaendelea. Akapuliza tena sekunde chache kabla ya dakika ya 90 kutimia, Mali wakiongoza 1 kwa 0.

Siku ile nilikuwa mbele ya televisheni na watu kumi na wengine, na hakuna neno baya ambalo hakuitwa. Kwamba amehongwa, kwamba ana haraka ya kwenda nyumbani. Baadaye ilielezwa, na yeye mwenyewe akasimulia, kwamba joto lilimzidi hadi akachanganyikiwa, akapelekwa hospitali. Nilijisikia vibaya kwa kicheko changu. Nilijua kadi ya namba 6 ilitoka wapi.

Na hakuwa wa mwisho. Mwezi wa sita 2024, kwenye Copa América, mjini Kansas City, mwamuzi msaidizi kutoka Guatemala, Humberto Panjoj, alianguka kando ya mstari wakati wa mechi ya Peru na Kanada, muda mfupi kabla ya mapumziko. Mshika kibendera hakimbii kilomita 12, bado joto lilimwangusha.

Kinachotokea ni hiki. Jasho linachotwa kutoka kwenye damu. Usipolirudisha, damu inapungua ujazo, na damu hiyo pungufu inadaiwa na wawili: misuli inaitaka ili ikimbie, ngozi inaitaka ili ipoze. Moyo unapiga haraka zaidi kufanya kazi ileile. Mtu akishapoteza maji yanayozidi asilimia 2 ya uzito wake, yaani karibu lita moja na nusu kwa mtu wa kilo 70, uwezo wa kukimbia kwenye joto unaanza kushuka, na kwa wengi umakini nao unalegea. Mchezaji akilegea anabadilishwa. Mwamuzi akilegea, ishirini na wawili wanaumia pamoja naye.

Mwenye pumzi hutoka jasho mapema

Turudi kwa yule mama wa karanga, maana wazo lake ndilo lililoenea kuliko yote. Ukweli uko upande wa pili kabisa. Mwili uliozoezwa kwenye joto unaanza kutoa jasho mapema, unalitoa kwa wingi, na jasho lenyewe lina chumvi kidogo kuliko la mtu asiyezoea. Mazoea hayo hujengeka kwa siku 7 hadi 14 za kufanya mazoezi joto likiwepo, na ukikaa wiki kadhaa bila mazoezi yanapotea.

Kwetu hilo lina maana ya moja kwa moja. Mwezi wa sita na wa saba Lubumbashi ni baridi, asubuhi tunavaa sweta. Mwamuzi anayekimbia mazoezi yake saa kumi na mbili asubuhi kipindi chote hicho, halafu mwezi wa tisa anapewa mechi ya saa nane mchana, ana miguu lakini hana ngozi. Wiki mbili kabla, ahamishie baadhi ya mazoezi mchana, dakika ishirini kwanza, aongeze polepole.

Kuna upande wa pili wa kosa hilohilo, nao ni wale wanaokimbia wamejifunga nailoni au koti zito ili "wapunguze mwili". Kilo wanazopunguza ni maji, zinarudi na bilauri ya kwanza. Mwaka 1997 nchini Marekani vijana watatu wa mieleka vyuoni walikufa ndani ya wiki chache wakifanya hivyo. Ni mtungi uliopakwa rangi: maji yanatoka, hayakauki, joto linabaki ndani.

Maji, chumvi na tumbo

Maji mangapi? Sitakupa namba moja, kwa sababu miili inatofautiana sana. Wapo wanaotoa nusu lita kwa saa na wapo wanaopita lita mbili. Lakini unaweza kujipima kwa mizani ya kawaida. Jipime kabla ya mechi ukiwa na nguo kidogo, jipime tena baada ya mechi ukiwa umejifuta. Ukianza na kilo 72 ukamaliza na 71, na katikati ulikunywa nusu lita, umetoa jasho la lita moja na nusu. Fanya hivyo mara tatu katika misimu tofauti, utakuwa unajua mwili wako kuliko mshauri yeyote.

Kunywa maji polepole saa mbili au tatu kabla, nusu lita hivi, tumbo lina muda wa kuyapitisha na kibofu kina muda wa kutoa ziada. Mkojo wa rangi ya majani makavu hafifu ni dalili njema. Wa rangi ya chai ya rangi, bado una deni. Maji ya baridi hayaharibu kifua, yanapoza kutoka ndani. Na lile la "kujaza tumbo" ni kweli kwa aliyekunywa lita nzima dakika tano kabla ya firimbi. Aliyekunywa mapema halimhusu.

Hata hivyo maji peke yake yana hatari yake. Lita moja ya jasho inaondoka na chumvi gramu moja hadi zaidi ya nne, kutegemea mtu. Ukirudisha maji matupu mengi kuliko ulichopoteza, chumvi ya damu inazimuliwa, kama mchuzi ulioongezwa maji mara tatu. Watafiti waliowapima wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya 2002 walikuta asilimia 13 wana chumvi iliyoshuka kupita kiasi. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na mtu akiona hivyo anadhani ni kiu, anaongeza maji. Ukimaliza mechi mzito kuliko ulivyoanza, ulikunywa kupita kiasi.

Kwa mechi moja ya dakika tisini, chakula cha kawaida kinatosha kurudisha chumvi: bukari (ugali), sombe (kisamvu) yenye chumvi, samaki. Siku ya mashindano, pale unapochezesha mechi mbili au tatu, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikisawazishwa kwa kisu. Ni kile kinywaji tunachowapa watoto wenye kuharisha. Munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, nayo inaburudisha, ila iliyochacha siku nyingi ina kilevi, hiyo iache hadi jioni. Bia vilevile: inaongeza mkojo, hairudishi deni.

Penseli, taulo na kijipaka cha mafuta

Mambo madogo yananisaidia kuliko fulana ya bei. Fulana iwe nyepesi, iwe pana kiasi, ya kitambaa cha jezi. Pamba inanywa jasho na kulishika, ikawa nzito na kukugandia. Usiibadilishe kila inapolowa kwa sababu tu imelowa: fulana nyembamba yenye unyevu inaendelea kukauka na kukupoza. Ibadilishe ikiwa inachuruzika.

Taulo kavu ninalitumia kwa macho na viganja tu. Ukijifuta mwili mzima mkavu umeondoa maji ambayo mwili uliyalipia, na tezi zinaanza upya. Mapumziko nalilowesha taulo kwenye ndoo, naliweka shingoni, na mikono naitumbukiza kwenye maji hadi juu ya kiwiko. Hapo unaongeza maji ya kukauka bila kuyatoa kwenye damu yako.

Kwa macho, paka mafuta ya mgando, mstari mwembamba juu ya nyusi, ukishuka kwa pembeni. Jasho likifika hapo linateleza kwenda kwenye mashavu badala ya kuingia jichoni. Paka pia mapajani na kwapani panaposuguana. Mkanda wa kitambaa kwenye kifundo cha mkono unafuta paji la uso kwa mpigo mmoja bila kuziba macho kwa kiganja.

Na andika kwa penseli. Kalamu ya wino juu ya karatasi yenye unyevu inakwama au inamwaga, penseli inaendelea. Yangu ni fupi kama kidole kidogo, karatasi nimeifunga ndani ya mfuko wa sashe ya maji niliyoikata na kuikausha. Tangu wakati huo sijapoteza namba ya mchezaji.

Ukitoka kwenye homa ya malaria, hata kama umepona, usichukue mechi ya mchana wiki hiyo. Na ujue kwamba baadhi ya dawa za mafua na mzio, hasa za zamani zinazoleta usingizi, zinapunguza jasho.

Kusimamisha mchezo si kuupoteza

Sheria ya 7 ya soka inaruhusu mapumziko ya aina mbili. Ya kunywa maji yasizidi dakika moja. Ya kupoza mwili ni sekunde 90 hadi dakika tatu. Muda wote huo unaongezwa mwishoni mwa kipindi, kwa hiyo anayelalamika kwamba mechi imeibiwa dakika hajaibiwa hata moja. Mashindano yanaamua mapema kama yatayatumia. Katika mashindano ya mitaa, uliza kabla ya mechi, mbele ya makocha wote wawili, msikubaliane katikati ya kelele.

Nayo imani ya kwamba mwenye kutoka jasho yuko salama ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Imetokana na fundisho la kweli lakini la nusu: kwamba aliyepigwa na joto anakuwa na ngozi kavu. Hiyo huwapata zaidi wazee na wagonjwa waliokaa kwenye joto siku nyingi. Kwa mtu aliyekuwa akikimbia, joto la ndani linaweza kupita nyuzi 40 huku jasho likiendelea kutoka. Dalili ya kutazama iko kichwani: anajibu ovyo, anayumba, anakasirika bila sababu, haelewi matokeo ni mangapi. Mwamuzi hawezi kujiona mwenyewe hivyo. Ndiyo maana kabla ya kila mechi ya mchana nawaambia wasaidizi wangu: mkiniona natoa uamuzi usioeleweka, njooni mniulize matokeo na dakika. Nikikosea, msiniombe ruhusa.

Mtu akifika hapo, mpozeni kwanza, gari lifuate. Kivulini, viatu na fulana vitoke, maji ya baridi mwili mzima bila kuacha, beseni au pipa kama lipo, taulo zilizolowa zikibadilishwa, mtu mmoja akipepea. Asipojibu vizuri msimnyweshe kitu. Dakika za kwanza ndizo zenye thamani, na kati ya Katuba na hospitali kuna msongamano wa magari. Kwa hiyo siku za mechi nafika nusu saa mapema, nakagua nyavu, nakagua mistari, halafu natafuta ndoo mbili za maji na naziweka chini ya mwembe, upande wa benchi, zimefunikwa.